Kokwa Ndefu za Yakup

Safinaz aliliona ganda lile kabla hata hajavua shali. Lilikuwa kwenye ndoo kando ya jiko la Mürvet, pamoja na maganda mengine yaliyosubiri kuchomwa, nalo lilikuwa refu na limechongoka. Kokwa za hazeli za vilima vile vyote vya Giresun ni za duara. Ndefu zilizaliwa na kichaka kimoja tu, ambacho marehemu Yakup alikitoa kijijini kwa mama yake, na kichaka hicho kilikuwa shambani kwa Safinaz, mjane wake.

Kumbe mwizi ni Mürvet. Tangu mavuno Safinaz aliona gunia lake limepungua. Alishuku panya, akashuku kunguru, akashuku hata vibarua waliokuja kuchuma. Hakumshuku Mürvet, jirani wa miaka thelathini, aliyelala naye chumba kimoja siku arobaini za msiba. Nani mwingine alibaki wa kunywa naye chai? Moyo ulimuuma, na hasira ikamtangulia.

Wanawake watano waliketi kuzunguka kitambaa, kila mmoja na jiwe bapa pajani na nyundo mkononi, wakivunja kokwa za Mürvet kama ilivyo desturi, leo kwako, kesho kwangu.

"Kaa basi, shoga, chai inapoa," Mürvet alisema. "Au umekuja kutukagua?"

"Kokwa hizi umezitoa wapi?"

"Mtini, dada. Kwako huwa zinatoka kisimani?"

Wenzao wakacheka. Safinaz akaliinua ganda.

"Na hii? Hii ni ya Yakup wangu. Kama uliitamani si ungeomba? Kumwibia mjane, Mürvet, huoni hata haya?"

Nyundo zikanyamaza. Mürvet aliweka jiwe lake chini, akamshika mkono, akamtoa nje hadi mwisho wa shamba lake, nyuma ya ghala la mahindi, chini kabisa ya ua wa Safinaz. Kichaka cha hazeli kilisimama hapo, kimewapita kimo.

"Kila Februari ukipogoa vichipukizi unanirushia huku," alisema. "Uongo?"

Haukuwa uongo. Mlima ni mkali, na kurusha chini ni rahisi kuliko kubeba juu ukachome. Safinaz alirusha miaka yote, akijua jirani atasafisha na hatasema kitu.

"Mwaka mmoja nikaona vina mizizi. Nikasema hivi ni vya Yakup, nitavichomaje? Nikavipanda. Mwaka huu ndio vimezaa mara ya kwanza. Bakuli la kwanza nilikuwekea wewe."

Waliporudi, Mürvet alilichukua bakuli rafuni, akalimimina lote kwenye aproni ya Safinaz mbele ya watu.

"Zako hizo. Kavunjie kwako."

Majira yale ya baridi alivunja peke yake. Hakuna aliyemwita, naye hakuthubutu kuita mtu.

Februari ilipofika alipogoa kichaka cha Yakup. Alichagua vichipukizi vyenye mizizi mizuri, akaifunga kwa gunia lililoloweshwa maji, akazunguka njia ndefu ya langoni na kuviweka mlangoni kwa Mürvet. Alibisha, akangoja, akaondoka.

Asubuhi alivikuta upande wake wa ua. Vilikuwa vimerushwa kutoka chini, kupanda mlima, na gunia halikuwa limefunguliwa.