Ijumaa za Bwana Usi

Ijumaa moja, saa nne kasorobo asubuhi, Wanu alipanda ngazi za Wakala wa Ajira Rizki Tele, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mataulo nyuma ya Darajani. Kwapani alibana bahasha yenye mkataba wake. Chini njiani wanaume walishaanza kupita na kanzu zilizopigwa pasi, na mwenye duka alikuwa akifukiza udi. Wanu alivua viatu mlangoni, akaingia, na mle ndani ilikuwa Alhamisi.

"Shikamoo, Bwana Usi."

"Marahaba, mwanangu," alisema Usi, muhasibu wa wakala. "Malipo Ijumaa."

"Leo Ijumaa."

"Huko nje," alisema Usi, wala hakusema kwa ubaya. Alimwonesha kalenda ya ukutani. Wanu alitazama simu yake, nayo ikasema Alhamisi. Aliitoa nje ya mlango ikasema Ijumaa, akairudisha ndani ikasema Alhamisi. Alifanya hivyo mara tatu, mpaka Tahiya, karani wa mapokezi, akamwambia anaichosha betri bure.

Wanu alikuwa mchoraji hina. Hakuajiriwa na mtu. Wakala ilimtafutia kazi kwenye hoteli za Paje. Hoteli zikailipa wakala, wakala ikate chake, kisha imlipe yeye. Kwa miezi mitatu alichora mikono ya wageni mia mbili na kumi na moja, na mguu mmoja wa bwana aliyesema mikono yake ni ya kazi. Alikuwa akidai laki tisa na nusu. Mkataba ulisema malipo yatafanyika ofisini, siku ya Ijumaa, kwa saini ya muhasibu.

Fedha hizo zilikuwa za kununulia bati. Mama yake, Bi Mwatum, alikuwa na pumu, na paa la nyumba yao ya Jang'ombe lilishakuwa chujio. Masika iliyopita mama alilala kwenye unyevu, akalazwa siku kumi na mbili, na daktari akamwambia Wanu waziwazi kwamba mara ya pili hamuahidi kitu. Masika nyengine ilibakisha wiki nane.

Alikaa kwenye benchi pembeni ya Suhaib, mpishi wa harusi na hoteli, aliyekuwa akidai tangu mwaka juzi na ambaye alishajua habari zote. Suhaib alimweleza kuwa Ijumaa iliacha kuingia mle miaka minne nyuma, wiki ileile wakala ilipochapisha mikataba mipya. Wakala haikudhurika, kwa sababu hoteli zililipa kila Alhamisi, na Alhamisi mle ndani zilikuwa za kumwaga. Aliyedhurika alikuwa Usi. Yeye ni mtu wa kukata kucha Ijumaa kabla ya sala, na kila sala ya Ijumaa ilipita barabarani wakati yeye yumo ofisini, Alhamisi. Kucha zake zilifika urefu wa vijiko vya chai. Alibonyeza kikokotoo kwa ncha ya kalamu.

"Na mnakaa tu?" Wanu aliuliza.

"Pana feni," alisema Suhaib.

Wanu alirudi Ijumaa ya pili, na ya tatu. Ya nne alikuja na hasira, akapiga meza, na Usi akampa maji ya baridi. Jioni ile alimhadithia mama yake, naye Bi Mwatum aliyekuwa akichambua mchicha hakuinua hata uso.

"Hiyo ofisi hufungwa saa ngapi?"

"Saa tisa unusu."

"Basi ndo maana. Alhamisi jua likitua, si usiku wa Ijumaa umeingia? Kila mtu anajua. Hao hawajakaa hata siku moja wakaiona ikiingia. Wewe waweke mpaka Magharibi."

Wanu alichagua siku ambayo hata nje ilikuwa Alhamisi, asije mtu akapata la kusema. Alifika saa nane mchana na koni sita za hina. Alijua kuwa Tahiya anamuoza mdogo wake Jumamosi, na akajitolea kumchora bure, mikono mpaka viwiko na miguu mpaka vifundoni, maua ya kikae ya mtindo wa zamani, kazi ambayo Paje hutoza pesa za watu. Tahiya alimwita dada papo hapo.

Wanu alichora taratibu, petali moja moja. Saa tisa unusu Usi alisimama, akachukua mwavuli wake, akasema tufunge. Tahiya alikuwa kwenye kiti, mikono imeinuliwa na miguu juu ya kigoda, yote ina hina mbichi.

"Funguo iko wapi?" Usi aliuliza.

Tahiya alitazama kifua chake mwenyewe. Funguo aliiweka ndani ya gauni, kama kila siku.

Usi alitazama dirishani. Wanu alionesha viganja vyake viwili, ambavyo kwa bahati alikuwa amevipakaza hina yote iliyobaki. Suhaib alisema yeye asihesabiwe kabisa.

"Hukauka saa ngapi?" Usi aliuliza akiwa bado amelipa dirisha uso.

"Hii mie huikanda na ndimu na sukari," alisema Wanu. "Magharibi, inshallah."

Usi alikaa. Suhaib aliagiza chai na mandazi. Feni ilizunguka. Jua lilitua upande wa bandarini, adhana ikaadhiniwa, na Ijumaa zikaanza kupanda ngazi.

Zilikuja zote mia mbili na nane, za miaka minne, moja nyuma ya moja. Kila moja ilikuwa na harufu yake: nyengine udi, nyengine biriani, nyengine mvua. Mbili ziliangukia Idi, na hizo zilivaa vizuri zaidi na zilitaka zipishwe. Benchi lilijaa, zilizokosa nafasi zikasimama kuzunguka ukuta, na Tahiya akaziomba zisimkanyage miguu. Simu ya Wanu ilipiga mlio mfululizo, jumbe za Ijumaa njema za watu wote aliowahi kuwajua.

Usi alitoa kikata kucha kwenye droo akakata zote kumi. Kisha alifungua daftari, akaandika jina la Wanu, akatoa bunda la noti za hoteli, akahesabu laki tisa na nusu, akazipanga mezani. Wanu alizitazama akaanza kulia, na kwa vile viganja vina hina alijifuta kwa bega.

Kabla kalamu ya saini haijagusa karatasi, aliingia Abdulwahid, mwenye wakala, aliyeona taa inawaka. Alitoa salamu, zikaitikiwa na chumba kizima.

"Hizi Ijumaa za nani?"

"Zangu," alisema Usi. "Zilikuwa zikinisubiri."

"Zote?"

"Mia mbili na nane."

Abdulwahid alikaa kwenye ukingo wa meza. Alionekana ameguswa kweli. Alisema yeye si mtu wa kula haki ya mfanyakazi, na kwamba hatokubali iandikwe kuwa Rizki Tele ilimdhulumu mtu hata siku moja. "Zichukue, Usi. Likizo yako inaanza sasa hivi. Usiache hata moja."

"Na mie?" Wanu aliuliza.

"Na wewe utalipwa, Bi Wanu, Ijumaa yoyote uitakayo. Siku imepatikana, alhamdulillah. Kinachotakiwa ni saini ya muhasibu tu." Alizirudisha noti ndani ya droo, kwa adabu, akaisukuma kwa goti. "Na muhasibu yuko likizo."

Usi alikwenda nyumbani na Ijumaa zake, na akazitumia moja kwa siku. Alioga, akavaa kanzu, akaswali, akala biriani, akalala. Siku ya tisa mkewe alimwambia Ijumaa zilizobaki atakula muhogo. Ofisini sasa Ijumaa iliingia kila wiki kwa wakati wake, kiti cha muhasibu kitupu, na Tahiya, ambaye hina yake ilisifiwa harusi nzima, aliona haya kila alipomuona Wanu mlangoni.

"Bado ngapi?" Wanu aliuliza Ijumaa ya tano.

"Mia na sabini na tisa, dada yangu."

Wanu aliteremka akakutana na Usi mbele ya duka la mataulo. Alikuwa amenenepa, ndevu zimetengenezwa, na alinukia mafuta ya waridi.

"Ijumaa njema, mwanangu," alisema Usi.

"Na kwako, mzee wangu."

Mvua ilianza Wanu akiwa amefika sokoni. Alihesabu pesa alizokuwa nazo, akanunua mabeseni mawili ya plastiki, akayabeba kichwani yote mawili mpaka Jang'ombe. Bi Mwatum alikuwa kitandani, shuka imelowa upande mmoja, anavuta pumzi kwa sauti.

"Bati hizo?" aliuliza kutoka chumbani.

"Mabeseni, mama."

Bi Mwatum alijisogeza ukutani kupisha nafasi. "Haya," alisema, "moja liweke hapa miguuni."