Ndoo Juu ya Pete

Siku ya tisa ya kununiana na wifi yangu, tulitoka kwenye ngazi za ghorofa ya kumi na sita tukakuta paa lote limemezwa na ukungu. Honi za magari zilitufikia kutoka chini zikiwa laini, kama zinapigwa ndani ya mto wa kulalia. Nilijiona bado niko usingizini, na nikafurahi, maana ndotoni hulazimiki kumsalimia mtu.

Kazi yetu ni kupaka rangi kuta za nje za maghorofa. Aliyetufundisha ni mume wangu, kaka yake wifi. Kabla hujavuka ukuta mfupi wa paa kwenda kusimama kwenye ukingo wa nje, unavaa mkanda wa mabegani na mapajani, unapachika kulabu ya kamba yako kwenye pete ya chuma iliyozamishwa kwenye zege, unafunga kufuli ya kulabu. Kisha mwenzako anaangalia pete, anaangalia kufuli, anavuta kamba mara mbili, anasema, “Nimekuona.” Bila neno hilo havuki mtu. Watu husema ajali haina kinga. Waseme wao, sisi kinga tunaivaa mwilini.

Miezi mitano iliyopita, kwenye jengo la ghorofa mbili, mume wangu alivuka, akateleza, na kulabu ikachomoka kwa sababu kufuli haikufungwa. Tunamshukuru Mungu yu hai, ila anatembea kwa gongo. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshuka kufuata rangi, nimemwacha juu na dada yake. Sasa siku hizo tisa nyuma, tukiwa mezani, wifi akaropoka, “Ungebaki juu na mumeo, leo angekuwa na miguu miwili.”

Niliweka kijiko chini, nikanyamaza kama maji ya mtungi. Mimi nikinuna sinuni kitoto. Nyumbani tulisemezana kupitia kwa mume wangu, mwambie wifi yako hiki, mwambie wifi yako kile, hadi maskini akasema yeye si redio. Kazini tuliitumia ndoo yangu ya rangi. “Ndoo, muulize mwenzako brashi nyembamba iko wapi.” Na kamba, kila mtu alijivutia yake. Ujinga huo ulikuwa wetu sote wawili.

Basi asubuhi hiyo nilitua ndoo mahali pa karibu, nikakoroga. Rangi nyeupe, ukungu mweupe, nikawa sijui ubao wa kukorogea unaishia wapi. Nikazubaa. Nilimwona wifi akija, akasimama mbele ya ndoo, akaitazama, akanitazama na mimi. Hakusema neno, hata kwa ndoo. Akageuka, akapotelea kwenye weupe. Nikasikia kulabu ikigonga chuma, mlio mwembamba, mtupu. Nikawaza kivivu, kama mtu anayeelea majini, kwamba pete ya kwenye zege hailii hivyo.

Niliisogeza ndoo kwa mguu. Chini yake ilikuwepo pete ya kufungia kamba ya wifi.

Badala ya kuniomba niiondoe, alikuwa amekwenda kujifunga kwenye bomba kuukuu la tangi la maji. Nilipomwona, tayari amekaa juu ya ukuta, mguu mmoja ndani, mwingine ukungu umeshauficha. Nilikimbia, nikahisi sifiki, zile mbio za ndotoni za kukanyaga palepale. Nikamkumbatia kiunoni, nikamvuta, tukaanguka wote wawili kwenye zege.

“Wifi, una wazimu?” Ndilo neno lake la kwanza kwangu baada ya siku tisa.

“Vuta hilo bomba.”

Alivuta kamba kwa mkono mmoja, bila hata kukaza. Bomba likang'oka shinani, limeliwa na kutu, likabingirika hadi miguuni kwetu.

“Si ungeniambia nisogeze ndoo!” nilifoka. “Ungenitukana basi, ungeniita jina lolote, lakini ungeniambia!”

Wifi alikuwa analia. “Siku ile kaka aliniuliza, umeniona? Nikamjibu, nimekuona. Nilikuwa nachagua brashi, wifi. Hata kugeuka sikugeuka.”

Nilitaka kumpiga. Sifichi, mkono uliinuka. Miezi mitano nilikuwa nalala nikijilaumu kwa kwenda kufuata rangi, na yeye chumba cha pili ananisikia nikigeuka geuka kitandani. Lakini nilipomwona amejikunja pale chini, na kamba yake imelala ovyo, mkono ulishuka ukaishika kamba.

Nilimwinua. Nikapachika kulabu kwenye pete, nikafunga kufuli, nikavuta mara mbili.

“Nimekuona,” nilisema.

Hakuvuka. Alisimama tu, ameshika ukuta.

“Angalia tena, wifi.”

Nikapiga magoti kwenye zege lililoloa, nikaangalia tena.