Kapteni Lozada na Wingu la Pasto

Kapteni Evelio Lozada aliamini mawingu yaliumbwa kwa ajili ya marubani waoga. Mimi, Yaneth Erazo, rubani msaidizi wake, nilikuwa nimekaa kulia kwake alasiri ile tukitoka Bogotá kwenda Pasto, natazama rada imeiva nyekundu kama pilipili, na uoga ninao wa kutosha.

Uwanja wa Pasto umekaa juu ya kilima, makorongo huku na huku. Sisi tuliozaliwa pale hatusemi "nitafika saa kumi." Tunasema "Mungu na ukungu wakipenda."

Nyuma yetu, kiti cha mbele kabisa, alikuwapo seneta, Don Aurelio Benavides, anakwenda kumwoza binti yake.

"Mheshimiwa," Kapteni alimwambia kabla hatujaruka, "nitakushusha mlangoni pa kanisa."

Mbingu hazikuulizwa.

Tulipokaribia, mwongoza ndege wa Pasto akatuita redioni kwa namba ya ndege yetu. Nubia Chamorro, sauti yake kavu kama mtu anayepukuchua mahindi.

"Sita-Mbili, radi iko juu ya uwanja, upepo unageuka-geuka. Aliyekutangulia ameshageuza kwenda Cali. Wewe unasemaje?"

"Nitasubiri hapa juu. Huyo ni mgeni wa milima."

"Ni mgeni wetu wa miaka ishirini. Haya, zunguka, Kapteni."

Tukazunguka. Baada ya muda Kapteni akauliza hali ya hewa, kisha tena na tena, kama mtu anayefunua sufuria kila mara akidhani nyama imeongezeka.

"Ni ileile, Kapteni," Nubia akajibu. "Nyingine sijaipata dukani."

Nikamwonyesha kipimo cha mafuta. "Kapteni, tukiondoka sasa tunafika Cali."

"Binti, mimi naruka tangu hujazaliwa."

"Ndiyo, Kapteni. Ila mafuta haya tumetia leo."

Nubia naye akauliza: "Sita-Mbili, mafuta yakoje?"

"Yapo."

"Hata yangu ya kupikia yapo. Nauliza yanakufikisha wapi."

Kapteni akanigeukia mimi. Kukiri kwamba mafuta yamepungua, alinieleza, ni kujitafutia maswali ya wakubwa wiki nzima. Kufa, nadhani, aliona hakuna usumbufu. Akaomba ruhusa ya kujaribu kutua, akaingiza ndege winguni.

Mvua ya mawe ikatupokea kwa kishindo cha kokoto juu ya bati. Ndege ikaporomoka, kahawa ya Kapteni ikapanda darini, na nyuma watu wakaanza kuwataja watakatifu wote. Nilimgeukia bingwa wetu. Mikono imeganda kwenye usukani, midomo inacheza bila sauti.

"Usukani ninao mimi!" nikapiga kelele. Akauachia, tena upesi. Nikabonyeza redio.

"Pasto, Sita-Mbili. Tumo ndani ya mvua ya mawe, hatuwezi kutua. Mafuta ni ya kufika Cali tu, hakuna ya ziada. Nitoe hapa."

Utani wote ukamtoka Nubia. "Geuka kushoto, elekea kaskazini, panda. Huko kweupe. Cali nawaambia sasa hivi wakusafishie njia. Ukiona jua niambie."

Nikageuza kushoto, nikavuta usukani. Ndege ilipanda, ikayumba, ikapanda tena, kisha mwanga ukatupiga usoni.

"Tumeliona."

"Haya, nenda, mwanangu."

Tulipotua Cali, sauti ya Kapteni ilipona ghafla. Akawatangazia abiria: "Kwa ajili ya usalama wenu, nimeamua kutohatarisha maisha yenu." Wakampigia makofi. Don Aurelio peke yake hakupiga. Alikodi gari, akazunguka na milima, akafika harusini akakuta mifupa ya sungura wa kuchoma, na binti keshapelekwa madhabahuni na shemeji yake ambaye hawaongei.

Kampuni ilisikiliza mazungumzo yetu ya redioni, ikakasirika sana, ikamwadhibu Kapteni vikali: ikampa ofisi yenye dirisha na cheo cha mkufunzi wa usalama.

Mwezi uliofuata nilipanda mnara wa uwanja wa Pasto kumshukuru Nubia. Kumbe ni mfupi, miguu haigusi sakafu akikaa.

"Ulitetemeka siku ile?" akaniuliza.

"Sana, mama. Hukusikia?"

"Ningesikia wapi?" akasema, akinisogezea kiti. "Na mimi nilikuwa natetemeka."