Matoke ya Kitanda cha Dirishani

Kemirembe aliogopa kuitwa mchoyo kuliko alivyoogopa njaa. Kwao Nyaishozi, ukifungua chakula mbele ya mtu bila kumkaribisha, habari zako zinafika kisimani kabla hujafika wewe. Basi mama mwenye mtoto anayesomea kazi ya hospitali na asikilize vizuri yaliyompata mwenzake.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Alitoka nyumbani alfajiri na matoke ya maharage aliyoyafunga kwenye jani la mgomba, akatembea mpaka hospitali ya misheni kumwona binti yake, Kokuberwa. Zilibaki siku tatu tu. Jumapili Kokuberwa angepewa cheti cha msaidizi wa wauguzi, baada ya miaka mitatu ya kufua mashuka ya damu na kuchemsha sindano. Ila Sista mkuu alikuwa na daftari lake jeusi. Ukiandikwa humo mara tatu, cheti huna. Kokuberwa alikwisha kuandikwa mara mbili: mara ya kwanza alivunja kipimajoto, mara ya pili alichelewa siku mto ulipojaa.

Alimkuta mlangoni mwa wodi ya wanawake, na gauni lake la buluu, mikono inanuka dawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huku hamli?"

"Tunakula, mama. Sikiliza. Daktari amekuja toka Bukoba, kuna mtu anapasuliwa leo na zamu ni yangu. Kaa kwenye benchi hili, nakwenda kutoa vyombo motoni. Lakini humu ndani usimpe mtu kitu. Hata tone la maji."

"Hee! Ndiyo mnayofundishwa hayo? Uchoyo?"

"Waitu mama," akamsihi kwa Kihaya, "nakuomba." Akaondoka mbio.

Karibu na benchi, kwenye kitanda cha dirishani, alilala mwanamke aitwaye Adelgunda, midomo imemkauka. Kwenye chuma cha kitanda chake palifungwa kitambaa chekundu. Kemirembe alidhani ni pambo.

"Mama," Adelgunda akaita, "kinachonukia hapo ni nini?"

"Matoke tu, mwanangu."

"Ya maharage?"

"Na samli kidogo."

Adelgunda akameza mate. "Toka jana jioni hawajanipa hata ukoko. Sijui nimewakosea nini. Na wewe uliyezaa utanitazama hivi hivi?"

Kemirembe akatazama mlango. Maneno ya binti yake aliyasikia bado, lakini yale ya kisimani aliyasikia zaidi. Mtu mzima akae na chakula mapajani, mgonjwa anameza mate? Akafungua jani. Adelgunda alikula kama anayefukuzwa, tonge la kwanza, la pili, mpaka la tano, akalamba vidole.

"Mungu akuzidishie," alinong'ona, akajifunika shuka.

Hata jani halijafungwa sawasawa, Kokuberwa akarudi na Sista mkuu.

"Huyu amekula?" Sista akauliza.

"Hapana, Sista. Tangu jana saa kumi na mbili jioni."

Adelgunda akafumba macho. Kokuberwa hakumwuliza. Akapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba mgonjwa hajala, akatia sahihi yake, wakatangulia wote wawili chumba cha upasuaji. Dresa Rwegasira, mfunga vidonda wa wodi, na mwenzake wakaleta machela.

Kemirembe akachekacheka kidogo. "Baba, kwani mtu akila kabla ya kupasuliwa, inakuwaje?"

"Dawa ya usingizi ikimshika, chakula kinapanda kooni, kinaingia mapafuni," Rwegasira akajibu, anamwinua mgonjwa. "Anakufa, mama, huku tunamwangalia. Ndiyo maana tunafunga kitambaa chekundu."

Machela ikaondoka. Kemirembe akabaki na ulimi mzito kama jiwe la kusagia. Akisema, ni kosa la tatu. Miaka mitatu ya mwanawe inamwagika kama maziwa kwenye nyasi. Asiposema, labda tumbo la yule mwanamke ni gumu. Matonge matano ni nini? Si kitu. Siku tatu tu, ee Mungu, siku tatu! Akasikia mlango wa chumba cha upasuaji ukifungwa. Akajifuta jasho usoni, na vidole vikamnukia samli.

Alikimbia mpaka khanga ikamvuka.

"Msimlaze! Amekula! Nimempa mimi!"

Daktari alikuwa ameinua kitambaa cha dawa juu ya pua ya Adelgunda. Akakiweka kando. Walimpitisha mpira kooni mpaka tumboni, na matoke yakatoka, na maharage yake mazima mazima. Upasuaji ukasogezwa mpaka kesho yake, na Adelgunda akapona.

Jioni ile Sista aliwaita mama na mwana.

"Niandike mimi," Kemirembe akasema, amepiga magoti. "Yeye alinikataza."

"Wewe ulitoa chakula, mama. Sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu," Kokuberwa akajibu. "Nilitoka wodini, na niliporudi sikumwuliza mgonjwa."

Sista akavuta droo, akatoa cheti. Jina lilikwisha kuandikwa kwa wino, Kokuberwa, limekaa vizuri. Akawaonyesha, akakirudisha, akafunga kwa ufunguo. "Mwaka mmoja zaidi. Tutaona."

Njiani kwenda getini Kokuberwa hakulia. Aliuliza tu, "Mama, kwa ajili yangu, ungenyamaza?"

"Nilinyamaza, mwanangu," Kemirembe akasema. "Nilinyamaza mpaka mlango ukafungwa."

Cheti Kokuberwa alikipata baada ya mwaka. Na kukipata si mwisho: kila Januari daktari hukigeuza na kutia sahihi nyuma, na asipotia, ni karatasi tu. Kemirembe bado anakwenda na matoke yake, lakini anakaa nje, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Wagonjwa humwita kutoka dirishani.

"Wee mama! Unanukisha tu? Mchoyo wewe!"

"Ndiyo," anawajibu, kifurushi amekikumbatia. "Mchoyo ni mimi."