Tovuti Iliyomkataa Mwenye Nayo

Haya, kaa vizuri nikutegee: nina nyumba haina mlango wala ukuta. Mchina anaingia, Mmarekani anaingia, rafiki yangu wa kuombana chumvi ndiye anayebaki nje. Umeshindwa? Nipe mji basi. Umenipa Mpuguso? Ahsante, nimeenda Mpuguso, nimekula ndizi zao, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni tovuti ya Debora.

Debora alikuwa mjane wa mtaa wa Bagamoyo, pale mjini Tukuyu, na kwa kubebesha miche ya parachichi hakuwa na mpinzani. Mpe mche wa kienyeji na kikonyo, kile kijitawi cha parachichi la kisasa, akate, aunganishe, afunge utepe wa nailoni. Katika miche mia, tisini na sita inashika. Ile minne alisingizia mvua. Basi akafungua kampuni ya mafunzo, na akaambiwa kampuni bila tovuti ni kama harusi bila keki. Akaenda kwa Erasto, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi.

Erasto alikuwa na picha nzuri za miche. Debora akazikataa.

"Picha za matope za nini, baba? Mimi nataka watu wa ofisini."

Wakawekwa Wazungu watatu wenye suti, wanacheka mezani, mbele yao bilauri za maji. Wanacheka nini, hakuna aliyejua. Parachichi halikuonekana hata ganda. Maneno ya chini Debora aliyanakili mwenyewe kutoka tovuti ya kampuni moja ya Dar es Salaam: "Tunawajengea uwezo wadau wa mnyororo wa thamani kwa ubora wa kimkakati. Mwombaji awe na elimu isiyopungua kidato cha nne. Ambatisha wasifu wako." Alipoyasoma kwa sauti alijiona mrefu, yeye ambaye hata kwenye picha za kwaya husimamishwa mbele.

Darasa la kwanza lilikuwa Jumatatu. Vikonyo mia tatu ameshavikata, amevifunga kwenye gunia bichi, na vikipita Jumamosi ni vya kuwashia moto. Miche nayo imefikia unene wa penseli. Ikinenepa zaidi, imepitwa. Akaazima mabenchi kanisani. Akavaa koti jeusi na viatu vya mchuchumio, visigino vikazama kwenye kitalu kama vinatafuta viazi.

Saa mbili, hakuna mtu. Saa nne, hakuna mtu. Aliyekuja ni kuku wa jirani, naye hakuambatisha wasifu.

Jumanne asubuhi akamvamia Erasto. "Tovuti yako mbovu!"

Erasto akageuza kioo cha kompyuta. "Imefunguliwa mara arobaini na moja, mama. Mara ishirini ni wewe mwenyewe."

"Na waliobaki?"

"Wameingia, wametoka. Hebu nikuulize, mama, bila hasira. Hii tovuti tumemtengenezea nani?"

Bahati nzuri mvua ikaanza, Debora akasema ana nguo kwenye kamba, akaondoka mbio. Kwenye kamba hakukuwa na hata soksi.

Jumatano akapanda hadi kijiji cha Lupepo kwa Monica. Huyu walisoma naye shule ya msingi, na ndiye aliyemsumbua miaka miwili: nifundishe kubebesha, nifundishe kubebesha. Kama Monica naye amemsusa, basi kampuni imekufa kabla ya kuzaliwa.

"Hukuja," Debora akasema, hata salamu hakumaliza.

"Ndaga," Monica akamsalimu kwa Kinyakyusa, "karibu ndizi."

"Sijaja kula. Hukuja kwa nini?"

Monica akapuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka. "Nilikuja. Nilifika mpaka kwenye ua wako, nimevaa viatu vya wifi yangu, vinanibana huku na huku. Nikakuona umesimama na koti kama afisa wa kutoka wizarani. Nikarudi."

Akachomoa karatasi chini ya godoro. Debora akasoma: "Jina: Monica Lutufyo. Elimu: darasa la saba. Uzoefu: kulima, kuchuma chai, kulea watoto sita. Lugha: Kinyakyusa, na Kiswahili cha kanisani."

"Mwalimu wa pale shuleni ndiye aliyeniandikia huo wasifu," Monica akasema. "Lakini mmetaka kidato cha nne. Nikasema, Debora amepanda juu, tusimchafulie."

"Kidato cha nne," Debora akarudia. Akaanza kuhesabu madarasa aliyosoma kwa vidole. Akamaliza mkono mmoja, akaingia wa pili, kwenye kidole cha pili madarasa yakaisha. Yaani amejenga geti kwenye ua wake, na yeye mwenyewe halipiti!

"Monica, kwani mimi niliishia wapi?"

"Si la saba, tulikuwa wote! Mimi wa tisa, wewe wa thelathini na moja."

"Nafasi sikukuuliza."

Wakacheka mpaka Monica akashika nguzo ya jiko.

"Vikonyo vyako vimebakiza siku ngapi?" akauliza akijifuta macho.

"Mwisho Jumamosi."

Monica akachukua simu, akabonyeza kundi la akina mama wa kwaya, akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Jamani, kwa Debora hakuna suti! Jumamosi njooni na visu!"

Wakaja kumi na mmoja, na mzee Lazaro aliyedai amemsindikiza mkewe lakini akawa wa kwanza kushika mche. Debora alikuwa pekupeku, kanga kiunoni. Akawaonyesha jinsi ya kukata bila kujikata kidole, akajikata kidole. Mpaka saa nane miche yote mia tatu ilikuwa imefungwa.

Erasto alikuwepo, anapiga picha za mikono. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kompyuta mapajani, akawafuta wale Wazungu watatu.

"Maskini, na maji yao hawajanywa," Monica akasema.

"Haya, mama," Erasto akamgeukia Debora, "sasa niandike maneno ya juu. Swali langu la Jumanne bado linakudai jibu. Hii tovuti ni ya nani?"

Debora akafuta utomvu kwenye kanga.

"Ya Monica. Andika: njoo na kisu. Kama uliishia darasa la saba, na mwalimu aliishia hapohapo."