Si Pareto Tu

Mimi nimelelewa na pareto, maua yanayotengenezwa dawa ya kuua wadudu. Kule Timboroa mama alianika maua kwenye mkeka, na paka wetu alilala juu yake mchana kutwa na kuamka akipiga miayo. Basi asubuhi hii Hafsa alipoingia katika duka langu la agroveti, la dawa za mimea na mifugo, hapa Munyaka kuulizia dawa ya viroboto vya paka, nilimpimia ile ya mbwa kwenye kichupa na kumwambia bila kupepesa jicho, "Hiyo ni pareto tu. Haiwezi kumdhuru."

Saa nne nikawa nakunja boksi tupu nilitupe. Chini ya jina kubwa la biashara niliona jina la dawa yenyewe: permethrin. Nikafungua karatasi ya ndani, ambayo sijawahi kuisoma tangu nianze kuiuza. Ilisema wanakemia waliiga sumu ya pareto, wakatia klorini na kuibadilisha umbo ili jua lisiivunje upesi. Ini la paka nalo halina nguvu ya kuivunja. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo za kuudhi: asipakwe paka.

Nilimpigia Hafsa mara sita. Hakushika. Nilifunga duka mteja akiwa mlangoni, nikadandia boda boda hadi Kapsoya, na kila tuta niliona limewekwa makusudi kunichelewesha. Paka huyo ni wa mama yake, ambaye sote humwita Mama Sahra. Tangu amzike mumewe, haongei na mwingine nyumbani ila paka huyo.

Nilimkuta mama huyo ameketi sakafuni, paka mapajani, masikio ya paka yakichezacheza na miguu yake ikitetemeka.

"Ameanza sai tu," Hafsa akasema. "Si ulisema ni pareto?"

"Nilikosea. Leta sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu."

Tulimwosha mara tatu, tukamfunga taulo, Hafsa akamwita daktari wa mifugo. Alimdunga sindano, akasema tungoje. Niliogopa kukaa, nikaogopa kuondoka. Nilizunguka sebule ile mpaka saa tisa, paka aliponyanyua kichwa na kulamba kidole cha Mama Sahra.

Ndipo mama huyo akanitazama. "Dawa huwa na karatasi yake. Unayo?"

Nilikuwa nimeifinya kiganjani tangu dukani.

"Nisomee. Yote."

Nikaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kuanzia jina. Ilinichukua dakika mbili.