Ndiyo ya Mjomba Laurenti

Mjomba Laurenti alirudi na kibuyu cha pombe kikiwa kimejaa vilevile alivyoondoka nacho, nasi tukajua kuna jambo. Kwetu mtu haendi kutambika akarudi na pombe. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akayanywa yote.

"Wamempitia juu," alisema.

Aliyepitiwa juu ni bibi yangu Veronika, mama yake mjomba, aliyezikwa katika kijiji chetu cha zamani, kule bondeni. Mwaka wa sabini na nne tulihamishwa. Tuliambiwa ile ni mbuga ya wanyama, sisi watu tukajenge kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Mkuyuni, tupate shule na zahanati. Shule tuliipata, nisiseme uongo. Zahanati bado wanaisubiri.

Kila kiangazi mjomba, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo, alimwomba Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori aliyesimamia ile mbuga, ruhusa ya kwenda kufyeka kaburi la mama yake na kumwagia pombe kidogo. Bwana Nyama alikuwa mpole kama padri. "Mzee wangu, mle hata kuni haziokotwi. Wanyama wanahitaji utulivu." Tembo walihitaji utulivu, marehemu bibi, ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kutulia, hakufikiriwa.

Kisha wakaja watu wa mafuta.

Jioni moja kabla ya mkutano wa kijiji, ofisa wao, Ndugu Ernest, alikuja nyumbani na kuku jike mweupe. Nadhani kuna mtu alimwambia wazee wa kwetu hupenda hivyo. Sasa, kwa Waluguru, mgeni anayetaka kulima ardhi ya ukoo huleta kuku. Mwenyeji akimpokea, humwonyesha mgeni mahali pa kulima na mahali pa kuacha, na mgeni havuki hapo hata kwa jembe moja. Hakuna karatasi iliyowahi kuhitajika. Mjomba alimpokea yule kuku kwa mikono miwili.

"Penye mikuyu miwili pana mama yangu," alimwambia. "Hapo msiguse. Kwingine chimbeni."

"Sawa, mzee. Asante," akajibu Ndugu Ernest, huku akiitazama saa yake.

Kesho yake tulielezwa mkutanoni kwamba dizeli imepanda bei, taifa linaumia, na mbugani huenda kuna mafuta, hivyo wanaomba kijiji kiridhie wachimbe. Mama yangu, Magdalena, akasimama. "Sisi tulitolewa mle ili wanyama wasisumbuliwe. Huo mtambo wenu hausumbui?" Watu walicheka. Ofisa naye akacheka, akasema mama ameuliza swali zuri, kisha akajibu swali jingine kabisa. Ndipo mjomba aliposimama na kusema ndiyo, kwa niaba ya ukoo wote. Mikono ikanyooshwa nyuma yake.

Njiani kurudi alikuwa na furaha ya kijana aliyekubaliwa posa. "Dada, hujaelewa. Wamekiri kwamba ardhi ni yetu. Barabara ikifunguka, naingia kwa mama bila kumpigia mtu magoti."

"Kwako yule ni kuku wa ardhi," mama alimjibu. "Kwa mwenzio ni kitoweo."

Barabara ilifunguka kweli. Mjomba aliifuata na kibuyu chake, hakuna aliyemzuia, akaikuta mikuyu imelala mizizi juu na katapila limesawazisha kila kitu mpaka porini. Alizunguka kwenye ule udongo mwekundu hadi jua likageuka, asijue pa kumwagia. Walichimba msimu mzima. Wakapata tope na maji ya chumvi, wakafunga mizigo, wakaenda zao. Ninawachukia mpaka leo, na sioni haya kusema.

Miaka ikapita. Mjomba alikuwa mgonjwa, nimemlaza kwangu mjini, Mafiga, nilipokutana sokoni na Bwana Nyama mpya, kijana mwenye adabu. Akaniambia upande ule umeshaharibika, wanyama hawaukanyagi tena, kwa hiyo ukoo unaweza kwenda kutambika wakati wowote. Hata kuzika, tukitaka.

Nilikimbia nyumbani na habari hiyo.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani. "Yuliana," akasema, "mkinilaza kule, mama akiniuliza nani aliwaruhusu, nitamjibu nini?"

Tulimzika mjini, katikati ya watu asiowajua.